Miti inachipua na mvua bado: kipindi hiki kina jina gani kwa Kiswahili?

Fundi Cherehani (Masasi)

Wadau, habari za jioni. Swali langu ni fupi ila lina mkia mrefu, mnivumilie.

Nina shoga yangu tuliyekaa dawati moja tangu darasa la tatu. Sasa anamaliza mwaka wa saba Uswidi, anahudumia wazee. Mwezi huu wa kumi kaja likizo ya wiki tatu. Kala ming'oko, kagawa zawadi, kaenda kusafisha kaburi la mama yake, halafu siku ya nne kaniibukia dukani: "Twende tukatembee mtoni." Nikamuuliza tunafuata nini. "Hatufuati kitu. Tunatembea tu."

Anasema huko aliko, mwezi wa nne barafu ikianza kuachia mtoni, watu wanatoka wawiliwawili wanatembea ukingoni. Hawaendi popote. Theluji bado imejibanza upande wa kivuli, miti bado vijiti, lakini kuna mti mmoja wa kando ya maji unaotoa vishada vyenye manyoya, ukivigusa kama sikio la paka, basi watu wazima na akili zao wanasimama kuvitazama. Joto nyuzi 6 na wameshafungua vifungo vya makoti. Kisha wanarudi kunywa kahawa. Ndiyo safari yenyewe.

Sasa mimi fundi. Mwezi wa kumi watu wanasubiri hela ya mnada wa korosho, na hela ikitoka kila mtu anataka nguo ambayo ilitakiwa iishe jana. Nilikuwa na magauni 11 ya sherehe moja, sita hayajatiwa hata zipu. Lakini mtu katoka Uswidi, utamwambia nini? Nikafunga duka.

Tukapanda Noah hadi Mangaka, tukala ndizi za kukaanga (nilizolipa mimi, hilo tuliweke kiporo), tukapata gari nyingine hadi Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja. Kwa ambao hawajafika: daraja lina mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010, ng'ambo ni Msumbiji. Mwezi wa kumi ukisimama hapo unajiuliza mita zote hizo za nini, maana Ruvuma yenyewe imekonda, imejigawa vijito viwili vitatu, kilichobaki ni mchanga mweupe mpaka macho yanauma. Tukashuka, tukashika njia ya miguu inayokwenda sambamba na mto.

Hapo ndipo nilipokiona kitu nilichokuwa nakipita miaka yote. Chini kote kumeungua, watu wamechoma kutafuta samaki nchanga (wageni wa huku: panya wa porini), ardhi nyeusi tii, miguu yetu kama ya wauza mkaa. Na juu ya weusi huo miyombo imetoa majani mapya. Si ya kijani. Mekundu! Mengine rangi ya shaba iliyosuguliwa kwa ndimu, mengine damu ya mzee. Nikachuma kitawi. Jani lilikuwa jororo, linalegea kama satini iliyolowa, na ukiliinua juani unaona mishipa yake kama mshono wa ndani. Nikalibana kwenye daftari la vipimo. Kesho yake limekuwa jeusi na limeacha doa juu ya kiuno cha mteja, sijui niliandika 34 au 36, imebidi nimwite tena.

Kama nusu saa mbele tukakuta bustani ya mchicha na nyanya ukingoni, na babu mmoja na panga lake.

"Wanangu, mmepotelewa na nini?"

"Shikamoo babu. Hatujapotelewa."

"Marahaba. Mnakwenda wapi?"

"Hatuendi mahali. Tunatembea tu, tunaangalia mto."

Babu akageuka, akautazama mto, akaturudia sisi. "Mto umefanya nini?"

Wallahi sikuwa na jibu. Shoga yangu akaanza habari za Uswidi, barafu, vishada. Babu akasikiliza kwa adabu zote, kisha akaomba aone ndani ya begi. Kumbe alidhani sisi watu wa kangomba, tumekuja kunyemelea wakulima wenye shida tununue korosho zao kabla ya mnada. Akakuta chupa ya maji, biskuti na miwani. Akacheka mpaka akakaa chini, akatupa nyanya nne.

Nikapata ujasiri. "Babu, kipindi hiki miti inapovaa upya na mvua bado, nyie mnakiitaje?"

"Hiki? Mwezi wa kumi." Akaniangalia kwa huruma. "Kwani huko mlikotoka ni mwezi wa ngapi?"

Njia nzima ya kurudi shoga yangu ananikoga: kule kina jina, kina nyimbo, watoto wanakichora shuleni, sisi tunacho kizuri kuliko chao na hatukukipa hata jina. Imeniuma. Kwa hiyo naomba: kina jina au hakina? Na la pili, huku mvua ilikatika tangu mwezi wa tano. Haya majani maji yanatoa wapi? Uzi huu msiukate, kuunga nyuzi ni kazi yangu ya mchana.

Bibo Bichi (Tandahimba)

Dada, jina lake ni msimu wa korosho, umekwisha. Huku mwaka hatuuhesabu kwa majani ya porini, tunauhesabu kwa mkorosho. Kuna wakati wa kufyeka, wakati wa kupuliza salfa, wakati wa maua, wakati wa mabibo, wakati wa mnada, halafu kuna wakati wa kuulizana "hela imeingia?" ambao ndio mrefu kuliko yote. Ukimwambia mtu wa Tandahimba tukutane wakati wa maua, anakuja siku ambayo si yako lakini mwezi ni wako.

Huyo babu msimcheke. Wanawake wawili, sura ngeni, begi, mwezi wa kumi, "tunatembea tu"? Ningekuwa mimi ningepekua mpaka viatu. Mwaka mmoja tulipokea wageni wa namna hiyo, wakaacha nusu ya mtaa imeuza korosho ikiwa bado juu ya mti.

Nahodha Mstaafu (Mikindani)

Asalaam aleykum wanangu. Huyo binti wa Uswidi mwambieni asiseme hakina jina, aseme hakuuliza watu wa pwani.

Sisi mwaka tuliupokea kwa pepo. Kusi linaanza kuvuma mwezi wa nne kwenda wa tano, mwezi wa sita na wa saba ndilo kali, baridi, hicho ndicho kipupwe, wavuvi wengi wanafunga. Kuanzia mwezi wa tisa linalegea. Bahari inatulia, maji yanaangaza, jarife unalitupa na kulipata. Kipindi hicho ndicho *demani*. Baba yangu alikuwa na mashua, na matengenezo yote, kukalafati (kuziba nyufa za mbao) na kupaka sifa (mafuta ya papa), aliyapangia kipupwe ili demani imkute yuko majini. Mwisho wa demani yanaingia maleleji: upepo haujui utakako, joto linabana, tanga linapigapiga bure. Kisha inatulia kaskazi mpaka mwezi wa tatu hivi. Majahazi ya Arabuni na Uhindi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Na upo upepo wa katikati unaokuruhusu kwenda na kurudi, huo tunauita tanga mbili.

Kwa hiyo mwezi huu, mwanangu, uko kwenye demani unaelekea maleleji. Lakini nitasema kweli yangu: hilo ni jina la upepo na bahari. Sisi majani hatukuyaangalia, tulikuwa tunaangalia mlingoti.

Bibo Bichi (Tandahimba)

Nahodha, heshima kwako mzee wangu. Ila huku juu uwandani mashua tutaegesha wapi?

Nahodha Mstaafu (Mikindani)

Chini ya mkorosho wako.

Mwalimu wa Zamu (Nachingwea)

Mimi nina ugomvi wa siku nyingi na jambo hili. Shuleni tulikaririshwa majira manne: masika, kiangazi, vuli, kipupwe. Ukija na kitabu cha Ulaya kilichotafsiriwa, mtafsiri anachukua hayo manne anayabandika juu ya manne ya kule, kiangazi kwenye joto lao, kipupwe kwenye theluji yao, vuli kwenye majani yanayodondoka. Mtoto wa Nachingwea anasoma kwamba vuli majani yanaanguka, anatoka nje, anakuta vuli ni jina la mvua ambayo kwao hata haipo. Maana sisi wa kusini hatuna masika na vuli kama watu wa Tanga na Moshi. Mvua yetu ni moja, inaanza mwezi wa kumi na moja kwenda wa kumi na mbili, inakwisha wa nne au wa tano. Basi.

Cha shoga yako kwenye tafsiri utakikuta kama "majira ya machipuko" au "majira ya kuchipua". Ni Kiswahili safi, hakina kosa. Lakini nimefundisha miaka 22 na sijamsikia mama yeyote sokoni akisema "bei ya mihogo itashuka majira ya machipuko".

Bwana Miti (Liwale)

Nijibu la pili, maana la kwanza lina wenyewe. Nimefanya kazi ya misitu sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali la "maji yanatoa wapi" ndilo kila mgeni analiuliza.

Yanatoka chini na yanatoka ndani. Mizizi ya miyombo inakwenda chini sana, kule ambako udongo haujakauka hata mwezi wa kumi. Halafu shina lenyewe ni pipa: mti ukishapukutisha majani mwezi wa saba na wa nane unaacha kupoteza maji, kidogo kidogo unajaza akiba. Jua likianza kuwa kali na siku kurefuka, mti unatumia akiba hiyo kutoa majani. Hausubiri mvua. Na una hesabu yake: mvua ya kwanza ikianguka inayeyusha rutuba yote iliyolala kwenye majivu na majani makavu. Mti wenye majani tayari unakula mezani, wenye vijiti bado unatafuta kijiko.

Wekundu ule ni kinga. Jani changa bado halina ukijani wa kutosha, jua la mwezi wa kumi lingeliunguza, kwa hiyo linatoka na rangi nyekundu kama mtoto aliyefunikwa khanga. Baada ya wiki mbili tatu ukijani unakamata na wekundu unaondoka. Ukitaka kuhakikisha usirudi Mtambaswala, tazama mwembe wa jirani unapotoa majani mapya. Kitu kilekile, ila mwembe hutoa tawi moja moja, miyombo inatoa bonde zima kwa mkupuo ndiyo maana inakushtua. Ungechelewa wiki mbili ungekuta kijani cha kawaida na ungesema rafiki yako anakusumbua.

Tena ungeinua macho kidogo ungeona mninga nao, maua yake ya manjano iliyoiva yanatoka kipindi hikihiki.

Kinachonichoma roho ni huo weusi ulioupita na kuutaja kwa utani. Moto wa mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na unyevu, unapita chini na kuzimika. Moto wa mwezi wa kumi unakuta nyasi zimekauka kabisa na mti uko katikati ya kutoa majani, akiba yote imeshatumika. Majani yakibabuka, mti unaanza upya bila akiba. Mkubwa atavumilia. Miche midogo ndiyo inayokufa, na hao samaki nchanga wenyewe wangeweza kuchimbwa bila kiberiti. Babu zetu walitumia jembe na mitego.

Fundi Cherehani (Masasi)

Bwana Miti, hapo umenigusa, kwa sababu mchuzi wake nimeula. Hiyo ya mtoto na khanga nimempelekea shoga yangu kwa sauti, kaisikiliza mara tatu.

Kando ya Ruvuma (Nanyumbu)

Nyie mnaongea majani, mimi niliposoma "tukashika njia ya miguu" jasho limenitoka.

Dada, mlikwenda na nani? Mwezi huu maji yako chini, na mamba jike anataga kwenye mchanga huohuo mliousifia weupe. Anachimba, anafukia, anakaa jirani kulinda. Mayai yanakaa kama miezi mitatu, watoto wanatoka mvua zikiwa zimeanza. Kwa hiyo mwezi wa kumi mchanga wa mtoni si ufukwe, ni leba. Mtu anayekatiza kwenye mchanga hajui kama amepita mbele ya mlango wa mtu.

Kwetu mahali pa kuchotea maji tunazungushia uzio wa miti mpaka ndani ya maji, na bado mtu anachota akiwa amesimama, kwa ndoo ya kamba, hainami. Kunawa uso mtoni ni mambo ya wageni. Kiboko naye, jioni usikae kati yake na maji. Anatoka kula majani usiku, asubuhi anarudi kwa njia yake ileile, na njia yake mara nyingi ndiyo mnayoiona nzuri ya kutembelea kwa sababu imekanyagwa ikalainika.

Jambo lingine: pale ni mpakani. Tangu vurugu za Cabo Delgado, huko ng'ambo Msumbiji, zilipoanza, sura ngeni kando ya mto inaulizwa, na ni haki. Siku nyingine piteni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, mjitambulishe, mpewe kijana wa kuwasindikiza. Mtampa hela ya soda. Naye atajifunza kwamba kuna watu wanatembea tu.

Hizo nyanya mliosha wapi?

Fundi Cherehani (Masasi)

Nyanya tuliosha kwa maji ya chupa, naapa. Shoga yangu ndiye alivua viatu akataka kutia miguu kwenye kile kijito cha pembeni, babu akampigia ukelele ambao sikuuandika juu kwa aibu. Alimwita jina la mnyama.

Shoga Mwenyewe

Nimejisajili humu kwa ajili ya kusafisha jina langu tu. Nimesharudi kazini. Huku sasa saa tisa na nusu alasiri giza linaingia, na mtu wa kutembea naye kando ya mto simwoni mpaka mwezi wa nne.

Kwanza, sikusema Kiswahili hakina neno. Nilisema *wewe* hulijui. Nahodha ameshathibitisha.

Pili, babu hakuniita mnyama. Alisema "toka hapo, punda". Ni aina ya upendo.

Tatu, kwa Mwalimu wa Zamu. Huku nako jina halikushuka kutoka mbinguni. Idara yao ya hali ya hewa inahesabu: wastani wa joto la siku ukipanda juu ya sifuri kwa siku saba mfululizo, wanatangaza kwamba kipindi kimeingia, mji kwa mji, kuanzia kusini kupanda kaskazini. Siku ya nane ikishuka tena theluji, watu wanaikasirikia kama mgeni aliyerudi kuchukua mwavuli. Bibi mmoja ninayemhudumia hasubiri idara. Kila mwezi wa tatu ananituma nimkatie tawi la ule mti wa vishada, analiweka kwenye glasi dirishani, anavishika kwa kidole gumba siku nzima. Macho yake hayaoni tena. Mwaka huu nilipoaga nakuja likizo aliniomba nimletee "kitu cha mti wa kwenu". Nilichukua jani jekundu nikalifunga kwenye tishu. Limefika jeusi kama la fundi. Akalishika, akasema ni ngozi.

Nne, ndizi za Mangaka nilitoa mimi elfu mbili, wewe ulitoa chenji.

Bibo Bichi (Tandahimba)

Sasa uzi umenoga. Leteni risiti.

Nahodha Mstaafu (Mikindani)

Binti, mwakani mletee huyo bibi ganda la mbuyu. Halibadiliki njiani.

Fundi Cherehani (Masasi)

Elfu mbili ilikuwa ya biskuti, shosti, usichanganye mafaili.

Nahodha, demani nimeichukua, naitumia tangu juzi. Shida moja tu: nimemwambia mteja "hii rangi niliiona porini demani hii", kaniuliza mita bei gani.

Bwana Miti, hiyo rangi nimeitafuta madukani Masasi nzima. Kuna satini moja inakaribia, ila usiku chini ya taa inageuka kahawia, nimeiacha.

Na yule wa kiuno amekuja leo asubuhi nimempima upya. Ni 36.